Punda wa Ujiji Aliyepakwa Hina

Nimeaibika leo, jamani, na kosa ni langu mwenyewe: nilimpaka hina punda wa watu, na serikali ikakataa kumtambua.

Ngojeni niwaeleze. (Ninyi ndugu mlioko Kindu, najua mmeshaanza kucheka.)

Shemeji yangu Salumu, kaka wa bibi yangu, alitoka Ujiji kuja kwenye arusi ya binti yetu hapa Kasongo. Akaja na punda wake. Mweupe! Mweupe kama unga wa muhogo ukitoka kwenye chekecheo. Mimi ni mtu wa barazani, safari yangu ndefu ni ya msikitini na kurudi, sijapata kuona mnyama wa namna hiyo. Nilimzunguka mara tatu.

Alipovuka ziwa, watu wa duane, wale wanaosimamia vitu vinavyoingia na kutoka nchini, walimpa punda yule karatasi. Ameingia Kongo kwa muda tu, miezi mitatu, na lazima atoke vile alivyoingia. Siku zikipita, serikali inamchukua. Na huyo punda ndiye anayebeba chumvi ya Salumu. Bila yeye, watoto wa Salumu hawali. Haya yote niliyajua. Karatasi nilimsomea mimi, kwa Kifaransa changu cha sekondari!

Sasa, siku ya arusi wanawake walisaga hina ya bibi arusi, ikabaki nusu beseni. Nikatazama beseni. Nikatazama punda. Nikaona ni aibu mgeni mzuri hivi akae bila pambo siku ya furaha. Nikampaka. Miguu yote minne, shingo, na maua mgongoni (sijui kuchora maua, yalitoka kama viazi). Loo! Hina ilipokauka, watu walishika vinywa. Hata Salumu alicheka, akasema, "Shemeji, weye iko fundi!"

Leo asubuhi tukaenda ofisi ya duane kupigiwa muhuri wa kutoka. Karani akafungua karatasi, akasoma kwa sauti: "Punda dume. Mweupe wote, hana doa." Akainua macho. Akayashusha. Akayainua tena.

"Punda ya hii karatasi iko wapi?"

"Ndiyo huyu, bwana karani," Salumu akajibu.

"Huyu iko mwekundu."

"Ni hina tu, bwana karani."

"Hina? Kwani punda naye ameolewa?"

Watu waliopanga mstari wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kisha nikamwona Salumu. Hakucheka. Alikuwa ameishika kamba ya punda kwa mikono miwili. Hapo ndipo nikakumbuka ile chumvi, na watoto wake.

Muzungu, mkubwa wa ofisi, akatoka ndani. Akachukua karatasi, akamzunguka punda. Akainua sikio la kushoto: pengo dogo, limeandikwa. Kwato ya nyuma: ufa, umeandikwa. Meno: moja limevunjika, limeandikwa!

Jamani, nilistaajabu mpaka nikasahau hofu. Salumu mwenyewe hakuwa na habari ya lile jino. Mtu mmoja kando ya ziwa alimtazama punda mara moja, akamtia mzima ndani ya karatasi, na karatasi ikatembea naye Kabambare, Wamaza, mpaka hapa, bila kusahau kitu. Mimi nimeishi na bibi yangu miaka ishirini, sijui meno yake ni mangapi.

"Ni yeye," muzungu akasema. Salumu akashusha pumzi. "Lakini kule ziwani watasoma mweupe, wataona mwekundu. Nani alimupaka?"

Salumu akanitazama. Karani akanitazama. Punda naye, nawaapia, akageuza shingo.

"Ni mimi, bwana."

"Basi utaenda naye mpaka ziwani. Utasema mbele yao kitu ulifanya."

Mimi! Kwa miguu! Nikasema nina mgongo. Nikasema nina kuku. Karani alishachovya kalamu, anaandika jina langu kwenye karatasi ileile, chini ya punda.

"Kovu?"

"Moja tu, gotini."

"Onyesha."

Nikapandisha kanzu mbele ya mstari mzima.

"Fungua kinywa."

Nikafungua. Akahesabu! Kwa sauti! Akafika ishirini na tisa, akarudia kwa kuhakikisha, akaandika: mtu mmoja, anatoka kwa muda, atarudi vile alivyotoka. Muhuri, paa!

Salumu alinishika mkono njia nzima ya kurudi kwa furaha. Mimi nilitazama karatasi mchana wote. Kusema kweli, hakuna mtu aliyewahi kuniangalia vizuri hivyo.

Tunaondoka kesho. Jioni hii nilikuwa barazani nikimweleza jirani yetu Mama Zena, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hatari zote za safari: mito, chui, malengelenge. Nikamaliza kwa sauti ya huruma: "Na kama watu wa duane kule ziwani wanatukatalia, Mama Zena, itakuwa namna gani?"

Hakuacha hata kutwanga.

"Wakikatala, bakia weye kule, punda apite. Yeye iko na kazi."