Matambara ya Chemchemi Niliyoibuni

Jumatatu, 14 Oktoba
Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo, saa tatu asubuhi, daftari la matembezi limehamishwa kutoka mezani hadi dirishani. Mashahidi: mimi na paka. Baada ya tukio hilo zito, Bi Effie, mwenye nyumba ya wageni, akatangaza kwamba majira ya baridi atabaki na mwongozaji mmoja tu. Mwenye majina mengi ya wageni daftarini hadi Jumapili. Ishbel, anayepeleka watu kileleni, ana tisa. Mimi wa njia ya msituni nina moja. Mwenyewe alijiandika akidhani anaagiza chai.
Miaka kumi na tisa katika kazi hii, na sijui nyingine! Ishbel akaniuliza kama goti langu la kushoto huomba ruhusa kabla ya kupanda ngazi.

Jumanne, 15 Oktoba
Mpango! Wageni hupenda kuogopa kidogo kabla ya chakula. Nitawapa chemchemi ya matambara. Za kweli zipo mabonde ya jirani: unachovya kitambaa majini, unakifunga mtini, kikioza na ugonjwa umekwisha. Ukifungua cha mwenzako, ugonjwa wake ni wako. Nikachagua msonobari mzee penye unyevunyevu. Nikachana shati la buluu vipande saba, nikafunga. Nikarudi napiga mluzi. Ndege wote walikuwa kimya.

Jumatano, 16 Oktoba
Wageni sita! Nikawaapia kwamba chemchemi ni ya kale. Tulifika, ukungu magotini. Matambara kumi na moja. Nikahesabu tena. Saba yangu, manne mekundu, yameoza nusu, kama yaliyokuwepo miaka. Mama mmoja akauliza mbona natetemeka. Nikamwambia ni sehemu ya matembezi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Kumi na sita! Manne ya sufu, mapya. Na moja la maua ya njano: pazia la jikoni la marehemu mama, lililotupwa nikiwa shuleni. Kulungu madume walinguruma mlimani, lakini pale mtini halikutikisika hata jani.
Jibu ni moja. Ishbel! Nikafungua yote yasiyo yangu, tisa, nikayatia mfukoni. Yalikuwa na uvuguvugu, kama yametoka mkononi mwa mtu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimeamka na kikohozi. Si changu. Ni cha mzee, kinapiga filimbi mwishoni. Tena linaniuma jino nililong'oa zamani. Nikampelekea Ishbel matambara yake. Akarudi nyuma hatua tatu. Akasema, kaka Murdo, mimi pale sijawahi kukanyaga, mama yangu alinikataza. Na tafadhali kaa mbali na supu.

Jumapili, 20 Oktoba
Sasa ukweli, maana nimechoka kudanganya hata shajara. Seonag, mpishi wetu, alinisikia nikikohoa akakitambua kikohozi: cha mumewe Lachlan, aliyeamka Ijumaa buheri wa afya. Akanichapa kwa mwiko. We Murdo, huna akili! Chemchemi ile ipo tangu enzi za bibi wa bibi yake, ila mbele ya wageni haitajwi, wala mbele ya mropokaji kama mimi. Mekundu, moja likiwa la Lachlan, yalikuwa nyuma ya mti siku zote, upepo ukayageuza. Mimi sikuzunguka kuangalia, kwa sababu ya goti. Ya sufu ni yeye na majirani walionifungia mimi. Waliniona nikifunga saba, wakajua nakaribia kufa.
La maua hakuna aliyelifunga. Seonag anakumbuka mama yangu akilifunga nilipokuwa na miaka minane, nilipoanguka nikaumia goti la kulia. Lilioza lote, akasema, na ukapona.
Goti la kulia limeanza kuuma leo.
Nimeyarudisha yote mtini. Kikohozi kimekataa kurudi. Ishbel kashinda, ishirini na tatu kwa saba, kwa haki kabisa. Bi Effie kanihurumia, kaniongezea wiki moja ya kutafuta majina. Nimeapa mbele ya mwiko wa Seonag: sitabuni tena kitu cha kale.
Ila kuna jiwe refu nyuma ya banda la kuni. Likisimamishwa kilimani kama mawe ya wahenga, nani atajua? Jioni nilijikokota kutafuta mahali. Nikakuta shimo limeshachimbwa, upana uleule wa jiwe, udongo bado mbichi.
Bahati iliyoje! Kesho naanza.