Kiti cha Kusubiria Kifudifudi

Kwa niaba ya Idara ya Vibali, ambayo mimi ni mkuu wake, nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo la wananchi kuchoka kusubiri limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kuanzia sasa mwananchi hatasubiri akiwa amesimama. Hatasubiri akiwa amekaa. Atasubiri akiwa amelala kifudifudi, kwenye kiti kilichobuniwa kitaalamu, naye atastarehe.

Hivyo ndivyo lilivyosomeka tangazo nililoliandika kwa mkono wangu, na sioni haya kusema lilikuwa tangazo zuri. Yaliyofuata yamesimuliwa vibaya mitaani, hasa na watu walioyashuhudia. Nimeona ni wajibu wangu kuyaweka sawa.

Chanzo chake ni malalamiko. Wananchi walikuwa wakikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wetu wakitazama mbele. Mbele kuna madirisha ya huduma. Nyuma ya madirisha hakuna mtu. Utafiti wetu wa kina ulibaini kwamba mwananchi halalamiki kwa sababu hahudumiwi; analalamika kwa sababu anaona kwamba hahudumiwi. Tatizo, kwa hiyo, liko machoni. Tukaunda Kamati ya Mkao wa Mwananchi, na maafisa wote wa madirishani wakateuliwa kuwa wajumbe, kwa kuwa wao ndio wenye uzoefu na madirisha. Tangu siku hiyo madirisha yakawa matupu kwa sababu maalumu. Zamani yalikuwa matupu hivihivi tu. Hayo yalikuwa mafanikio yetu ya kwanza.

Kulala chali kulikataliwa katika kikao cha ufunguzi. Aliyelala chali hutazama dari, na dari yetu inavuja. Isitoshe, mtu akilala chali huanza kuwaza. Kulala ubavu kulikataliwa pia, maana wawili wakilala ubavu wakitazamana watapiga soga, na soga huzaa madai. Kilichobaki ni kifudifudi.

Kazi ya kuunda kiti tulimpa fundi makochi mmoja anayejulikana mjini kote kama Sponji. Sponji ni mtu wa maneno. Angeweza kukuuzia kiti ulichokikalia.

"Bosi," aliniambia, akibonyeza sampuli kwa kiwiko, "hii ni daraja la kwanza. Mtu akijilaza hapa, anasahau hata alichofuata."

"Hicho ndicho hasa tunachokitaka," nikamjibu.

Kiti cha kwanza kilijaribiwa na tarishi wetu. Kilikuwa kirefu, laini, chenye mwinuko mdogo kifuani na mahali pa kuning'iniza mikono. Tarishi alilala, tukapiga makofi, tukaendelea na ajenda nyingine. Tulipomkumbuka na kumwinua, alikuwa na rangi ya zambarau, ambayo haikuwa miongoni mwa rangi tulizoagiza. Kumbe tulikuwa tumesahau pua. Kamati ilijadili pua kwa muda mrefu na kwa ukomavu, kisha ikamwagiza Sponji atoboe tundu la kutosha uso mzima.

Tundu likaleta changamoto mpya. Tarishi alilala tena, akapumua vizuri, akaanza kuona sakafu. Akaripoti kwamba amemwona sisimizi akiburuta chembe ya mkate kutoka ukutani, na kwamba sisimizi huyo amefika nayo mlangoni. Kamati iliona hilo lingeweza kumletea mwananchi ulinganisho usio wa lazima. Afisa Itifaki akashauri chini ya kila tundu pabandikwe picha ya Waziri, akitabasamu. Wajumbe wote waliunga mkono, na mmoja alitokwa na machozi.

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu.

Mama mkwe ana mashine ya kusaga nafaka. Ni mpya, imefungwa barabara, imekaguliwa, na ilikuwa haijawahi kusaga hata punje, kwa sababu ilikosa kibali chenye muhuri wa idara yangu. Alianza kukifuatilia wakati binti yake mdogo akiwa mchumba. Binti akaolewa, akajifungua, na sasa mtoto wake anakimbia. Akina mama wa mtaani kwake waliendelea kubeba magunia kichwani hadi ng'ambo ya reli, na kila walipopita mlangoni pake walimuuliza kwa upole kama mashine yake ni ya kusaga au ya kutazama.

Nyumbani hali haikuwa nzuri. "Wewe ndiye bosi wa pale," mke wangu alikuwa akisema. "Muhuri ni kugonga tu. Pa! Unashindwa nini?"

"Siwezi kumpendelea ndugu," nikamwambia. "Mama atasubiri kama wananchi wengine."

"Wananchi wengine nao umewagongea?"

"Sijamgongea hata mmoja. Huo ndio uadilifu."

Tangu jioni hiyo nilikuwa nikijipakulia chakula mwenyewe.

Utaratibu ulitaka kiti kipimwe na mwananchi halisi, na kamati ikaamua achukuliwe aliye mbele kabisa kwenye foleni. Aliyekuwa mbele kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeanza kusubiri kabla yake, alikuwa mama mkwe.

Naomba msomaji alielewe vizuri hilo jambo. Mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, alale kifudifudi mbele yangu, ofisini kwangu, nami niandike tathmini. Niliomba nijiondoe. Kamati ikasema akidi haitatimia.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Marahaba, mkwe wangu. Nasikia nilale."

"Ndiyo, mama. Ni kwa manufaa ya taifa."

"Nikilala, kibali kitatoka?"

"Mama, kwa sasa tuko kwenye hatua ya kiti."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza humu. Kisha akavua viatu, akavipanga pembeni, akaombwa ajifunike shuka la heshima, akalala. Mimi niligeukia ukuta, na tathmini nzima niliiandika nikiwa nimeutazama ukuta huo. Ndiyo maana ina maelezo mengi kuhusu ukuta.

Kiti kilifanya kazi kupita matarajio. Mama mkwe, ambaye mgongo wake ulikuwa umechoka kwa mabenchi yetu, aliuchapa usingizi palepale. Tatizo lilijitokeza alipoamka.

"Jamani," alisema akijifuta mdomo, "kuna bwana mmoja huku chini nimemlowanisha."

Afisa Itifaki alipiga magoti akachungulia. Waziri alikuwa na udenda kuanzia kipaji cha uso hadi kwenye tai, na bado anatabasamu. Tulifunga milango. Ikaulizwa kama udenda wa usingizini ni dharau au ni ishara ya imani kwa serikali. Wanasheria wakagawanyika. Mwishowe picha ziling'olewa zote, tukabandika karatasi nyeupe yenye neno moja, SUBIRA.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipambwa. Viti vilipangwa safu kwa safu. Wananchi, kwa kuwa viti vilikuwa havijazinduliwa, walisimama ukutani na mafaili yao kwapani, mama mkwe mbele. Waziri aliingia na suti nyeusi na msafara wake, akakata utepe, akatangaza kwamba atakuwa wa kwanza kulala.

Hapo Afisa Itifaki alininong'oneza jambo ambalo kamati nzima haikuwa imelifikiria. Kanuni hairuhusu mtumishi wa umma kuwa juu ya kichwa cha Waziri. Waziri akilala, sisi sote tulale. Na hairuhusiwi kuinuka kabla yake.

Tukalala. Mimi nilichukua kiti cha pili kulia kwake. Maafisa wa madirishani wakajaza safu zilizobaki. Walinzi wakalala. Waliokosa viti walilala sakafuni, Afisa Itifaki akiwa wa mwisho, baada ya kuhakikisha kila pua iko mahali pake. Chini ya tundu la Waziri tulikuwa tumeweka kipaza sauti, naye akaanza hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu iko pamoja nanyi. Serikali yenu haitalala..."

Halafu spika zote za ukumbi zikaanza kukoroma.

Tulipiga makofi, kadiri mikono iliyoning'inia ilivyoruhusu. Mkoromo ukaendelea, mzito, wenye mamlaka. Nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Jamani, dirishani kuna mtu?"

"Hakuna," mtu akajibu.

"Muhuri upo?"

"Huo hapo, mezani."

"Wino?"

"Upo. Haujatumika."

"Basi sisi tunasubiri nini?"

Nilisikia mlango mdogo wa pembeni ukifunguliwa, halafu kiti cha ofisini kikivutwa, halafu mama mkwe akikohoa kama mtu anayeanza kazi.

"Mmoja mmoja, msisukumane. Anza wewe, baba. Unataka nini?"

"Kibali cha kinyozi."

"Cheti cha afya? Picha? Haya. Nani anajua kusoma haya maandishi madogo? Mwalimu, njoo ukae hapa."

Pa!

Nakiri kwamba walikuwa makini. Mwalimu mmoja mstaafu alisoma kila faili kwa sauti kama anaita mahudhurio. Mtu mmoja asiyekuwa na picha alirudishwa, akavuka barabara, akapigwa picha, akarudi, akagongewa. Mwingine aliyetaka kufungua baa ubavuni mwa shule aliulizwa kama ana akili timamu, akaondoka mwenyewe. Faili la mama mkwe walilisoma wengine. Yeye alikataa kujigongea.

"Nitasemwa," alisema. "Mkwe wangu ni mtu wa kanuni."

Pa!

Ninaulizwa mara kwa mara kwa nini sikuinuka. Kwanza, kanuni. Pili, na hili nalisema bila kutafuta huruma, ile sponji. Sijawahi kulala vile tangu nipate cheo.

Waziri alipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa na alama ya duara kuzunguka uso mzima, nasi tulioinuka baada yake tulikuwa nayo pia, kwa hiyo ilionekana kama sare. Akatazama ukutani.

"Wananchi wako wapi?"

"Wameondoka, mheshimiwa," nikasema.

"Wamekasirika?"

"Hapana. Wamehudumiwa."

Aliketi polepole. "Wote?"

"Wote, mheshimiwa."

"Nani kawahudumia?"

Nilimweleza. Mwanasheria alithibitisha kwamba vibali vyote ni halali, kwani sheria inataka vigongwe saa za kazi na mkuu wa idara akiwepo, na mimi nilikuwepo. Haikusema niwe katika mkao gani. Waziri alizungusha macho kwenye zile safu za viti vitupu, na nikaona woga halisi ukimpanda.

"Sasa nani atavilalia?" akauliza.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Tulifungua milango asubuhi, hakuna aliyeingia. Maafisa walirudi madirishani kwa hiari, jambo lisilowahi kutokea, wakakaa wakitazama mbele. Mbele hapakuwa na mtu. Mmoja wao alianza kulalamika. Ikaja taarifa kutoka juu ikiuliza idara isiyosubiriwa na yeyote ni idara ya kazi gani, na Waziri akaamua tuwafuate wananchi huko waliko, tuwaombe warudi wasubiri. Alitaka tuanze na kiongozi wao.

Sauti ya mashine tuliisikia kabla ya kuiona. Mlangoni kwa mama mkwe palikuwa na akina mama na magunia, ndoo, beseni, na vicheko. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, nyusi nyeupe kwa unga, akimimina nafaka kwa mkono mmoja na kuelekeza watu kwa mkono mwingine. Mke wangu alikuwa akifunga magunia. Aliponiona alitabasamu, kisha akaona niliyefuatana naye, akatabasamu zaidi.

"Mama!" nilipaza sauti. "Mheshimiwa Waziri amekuja mwenyewe! Anakuomba urudi usubiri kidogo tu, hata nusu siku!"

Mama mkwe aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akanyoosha kidole nyuma kabisa, inakoanzia foleni.

Waziri alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia yeye ni nani. Walinzi walikuwa wamebaki garini. Tukaenda nyuma, yeye mbele, mimi nyuma yake, kwa mujibu wa kanuni. Binti mwenye ndoo aliyekuwa mbele yetu alimshauri avue koti, unga hautoki kwenye kitambaa cheusi. Hakuvua. Foleni ilikuwa ikisogea, tena ikisogea kweli, mpaka nikaona Waziri anapunguza hatua kama mtu ambaye hajui afanye nini akifika.

Tulifika. Mama mkwe alipunguza mashine, akajifuta mikono kwenye kanga, akatuangalia kwa heshima zote, kama alivyomwangalia kila mtu kabla yetu.

"Karibuni, baba zangu. Mmeleta nini?"

Waziri alinigeukia. Mimi nikatazama mikono yangu.

"Hatukuleta kitu, mama," nikasema.

"Hamna kitu?" Alitusikitikia kwa dhati, hilo niliweza kuliona hata kupitia unga. "Basi sogeeni pembeni, wanangu. Mnazuia watu wenye kazi."

Tukasogea.