Likasi Hadi Muanda, Bila Kupitia Buluo

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mpango umekamilika! Wiki tatu, miji sita. Likasi kwenda Lubumbashi kwa basi. Lubumbashi kwenda Kinshasa kwa ndege (dirishani nakaa mimi). Kisha barabara: Mbanza-Ngungu, Matadi, Boma. Mwisho Muanda, baharini.

Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi kiwandani, kwenye ukumbi wa kusafishia shaba. Mabamba mangapi yamepita mikononi mwangu yakaenda kupanda meli? Na mimi? Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Kolwezi, kwenye mazishi. Shaba imetembea kuliko mimi, Barnabé.

Nilitangaza mchana, tukila bukari, ugali wetu. Marceline, mke wangu, alikuwa anatoa miiba kwenye samaki. Hakuinua macho. Akasema ni bien, vizuri. Halafu akauliza kama Jumapili tutakuwa tumerudi. Jumapili ipi, nikauliza. Zote, akasema.

Niandike tu, daftari halina mdomo. Jumapili Marceline huenda Buluo, gerezani, kumwona Chadrack, mtoto wetu. Alikamatwa Februari kwa wizi wa nyaya za shaba, akapewa miaka mitatu. Nyaya za kiwanda changu mwenyewe! Mimi sijaenda bado. Kazi ni nyingi. Mpango wa safari haujiandiki.

Jumatano, 9 Julai

Kwa Théodore, kaka wa Marceline. Muuguzi wa zahanati, bingwa wa kujua. Ujanani alikaa Boma mwaka mmoja, na tangu hapo hakuna mlo unaopita bila Boma. Nilikwenda kwa heshima, ramani mkononi. Nikamwonyesha mahali tutakapopanda mtumbwi kuvuka mto pale Matadi. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Matadi kuna daraja, tena kubwa, liko pale tangu tukiwa vijana. Nikajibu kwamba najua, ila napenda mtumbwi.

Aibu!

Nikaingia kwenye lililonipeleka. Marceline hatakubali kuacha Jumapili tatu. Lakini magoti yanamsumbua. Kama mtu wa zahanati angemwandikia kwamba hewa ya chumvi inatibu magoti, wiki tatu, bila kukatiza... Théodore aliacha kucheka. Akarudisha miwani usoni.

“Beau-frère, shemeji yangu,” akasema, “bahari haina miguu, haitakimbia. Mutoto njo anakuuliza. Kila dimanche anaangalia nyuma yetu, kuona kama weye unakuya.”

Nikasema nina haraka. Nikaondoka mbio hata ramani nikaisahau. Sirudi. Nitachora nyingine.

Kinachoniuma ni hiki: kila Jumapili yeye ndiye anayembebea Marceline kikapu hadi Buluo. Nani alimwomba?

Ijumaa, 11 Julai

Nimeandika cheti cha daktari mwenyewe. Kifaransa safi. Hewa ya bahari, mara tatu kwa siku, kabla ya kula. Muhuri: kizibo cha chupa ya bia, wino wa kalamu. Ukiutazama kwa mbali ni muhuri wa serikali. Ukiutazama kwa karibu ni kizibo.

Marceline alikisoma amesimama jikoni. Akakisoma tena. Akasema, “Papa Chadrack, hii écriture, hii mwandiko, ni ya kwako. T ya kwako inavalaka kofia.”

Na akacheka! Mara ya kwanza tangu Februari. Alicheka akishika meza, mimi nikacheka naye, na kwa kitambo kidogo jiko letu likawa jiko lile la zamani. Kisha kicheko kikageuka. Sikuona kilipogeukia. Akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nilibaki na cheti mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

Baadaye aliosha sahani zote, hata safi.

Jumapili, 13 Julai

Wamekwenda Buluo. Mimi nimeanza mazoezi ya pwani. Muanda ni joto. Likasi mwezi huu ni baridi ya kuuma meno. Mwili lazima uzoeshwe. Asubuhi nikakaa uani na kaptula, kifua wazi, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mama Hélène, jirani yetu mjane, alichungulia juu ya ukuta. Akauliza kama wezi wameingia. Nikasema hapana, najiandaa kwa bahari. Akaenda, akarudi na suruali ya marehemu mume wake, imekunjwa vizuri. Akaniambia huzuni humshika kila mtu kwa namna yake, nisione haya.

Huzuni gani? Nilimrudishia suruali. (Ilikuwa nzuri. Ingenitosha.)

Saa kumi Marceline amerudi. Nilikuwa nimeshaanza kupiga chafya. Chadrack aliuliza kama papa ni mgonjwa. Akaambiwa papa anaandaa safari ya baharini. Akacheka, akauliza ni ile niliyomwahidi akiwa na miaka kumi? Akasema niende tu, ni vizuri. Ila kwanza nipite kwake, nimweleze njia.

Nitaandika jambo moja, halafu nafunga.

Siku polisi walipokuja, mlango niliufungua mimi. Wakauliza kama Chadrack ni mtoto wangu. Niliona sare. Niliona majirani wamesimama barabarani. Niliona miaka yangu thelathini na mmoja bila doa. Nikasema mimi sina mtoto wa kiume. Chadrack alikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka kwangu. Alitoka mwenyewe, mikono mbele. Hakunitazama.

Nimefunga.

Jumanne, 15 Julai

Akili hii nimepewa na nani? Mafua yamenipa mawazo mapya. Buluo ninaitia ndani ya safari! Kituo cha kwanza. Jumapili asubuhi ziara ya saa moja tu, Jumatatu Lubumbashi na kuendelea. Nimeiandika kwa wino mwekundu: Likasi, Buluo, Lubumbashi, Kinshasa.

Nilimwonyesha Marceline. Alisoma neno Buluo, akaweka kidole juu yake, akakiacha pale. Nikamwambia masharti: mimi naenda Buluo, yeye anakuja Muanda. Akaniuliza kama ni kweli. Nikaapa. Akasema basi, hata Muanda atakwenda, hata mbele ya Muanda kama kuna kitu.

Alasiri nilimsikia akiimba huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mpango mmoja, ndege wawili! Théodore atasema nini sasa?

Ijumaa, 18 Julai

Mazoezi ya maneno, mbele ya kioo cha kabati.

Jaribio la kwanza: “Mwanangu, habari?” Ovyo. Habari gani, mtu yuko gerezani.

Jaribio la pili: “Chadrack, siku ile...” Hapo sauti ilikauka. Nilikunywa maji. Nikaanza tena. Ikakauka pale pale, kwenye siku ile.

Jaribio la tatu: “Chadrack, Matadi kuna daraja.” Hili lilitiririka! Nusu saa nzima, daraja, mto, milima. Marceline alikuwa anapita na nguo za kupiga pasi. Alisimama mlangoni, akasikiliza. Akasema yatosha hayo hayo. Nikishindwa mengine niseme daraja tu. Mtoto anataka kusikia sauti, si maneno.

Amenipigia pasi shati la harusi ya Shekina, binti yetu wa Lubumbashi. Shekina mwenyewe amepiga simu. Amesikia kwamba naenda Buluo, alikuwa analia, akasema asante papa. Asante ya nini? Sijafanya kitu bado.

Jumapili, 20 Julai

Tulishuka kwenye taxi-bus pale Buluo tukiwa watatu: Marceline, Théodore na mimi. Kikapu nilibeba mimi. Nilimnyang'anya Théodore mapema, tangu nyumbani. Ndani mna bukari, sombe, samaki wawili, sabuni. Kulikuwa na mstari wa watu, wengi wao akina mama. Tulisimama. Nilijirudia moyoni: Matadi kuna daraja.

Mlangoni kuna askari mmoja na daftari. Mtu mpole, ana mafua kama mimi. Anauliza kila mtu jina na undugu. Marceline akasema mama yake. Théodore akasema mjomba. Wakati huo nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua. Ilunga, wa zamu yangu kiwandani, ameleta chakula cha mdogo wake. Akanisalimu kwa sauti, kama mkubwa wake wa kazi: chef!

“Na weye, papa?” askari akauliza. “Uko nani wake?”

Neno lilikuwa fupi. Nilikuwa nalo mdomoni, nililihisi juu ya ulimi.

“Minye nasindikiza tu,” nikasema.

Askari akasema hakuna neno, wanaosindikiza wanangoja kule ng'ambo, kwenye benchi. Hakuandika kitu. Marceline alinitazama. Ingekuwa hasira ningeiweza. Haikuwa hasira. Akachukua kikapu mkononi mwangu taratibu, kama unavyochukua kitu kwa mtu aliyelala, akaingia.

Benchi ni la mbao, mguu mmoja mfupi. Nilikaa. Ilunga alipopita kuingia hakusema chef tena.

Walipotoka, nilikuwa na maelezo tayari: kelele, mafua, askari hakunisikia vizuri. Marceline alipita bila kusimama. Théodore ndiye aliyeniambia. Chadrack alikuwa amenyoa. Alikuwa ameazima shati jeupe kwa mwenzake. Alipowaona wawili alichungulia nyuma yao. Akangoja. Akachungulia tena. Mwishowe akauliza kama barabara ni mbaya. Marceline akamwambia papa ana homa.

Mke wangu, ambaye hajawahi kudanganya hata kasisi, alidanganya kwa ajili yangu.

Njiani nilisema kwa makusudi kwamba Boma iko kusini mwa Matadi. Nilisema mara mbili. Théodore alitazama nje. Hakunisahihisha.

Jumatatu, 21 Julai

Niliamka nikamkuta Marceline anafunga mizigo. Furaha! Nikajua amesamehe, ahadi ni ahadi, tunaondoka. Nikakimbia kuleta sanduku kubwa, nikalipangusa vumbi, nikamshauri aongeze nguo nyepesi. Aliendelea kukunja. Vitenge, blanketi, sufuria ndogo. Nikamwuliza sufuria ya nini hotelini.

Akasema anakwenda Buluo. Binamu yake Aimée ana shamba kule na chumba kimoja. Atamsaidia kulima mboga na kuuza, na atakuwa karibu. Hatarudi mpaka Chadrack atoke.

Nikamkumbusha masharti. Nikamwambia Buluo nilifika, ushahidi upo, benchi. Hapo alikaa kitandani. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto.

“Kwenda kwa bahari, Papa Chadrack,” akasema. “Sikukatazi. Lakini mutoto hawezi kubaki bila muntu.”

Kisha akanionyesha unga uko wapi, chumvi iko wapi, namna ya kusonga bukari isipate madonge. Alirudia mara mbili, polepole, kwa sababu alijua sisikilizi. Théodore alikuja na baiskeli, akafunga sanduku nyuma kwa kamba ya mpira. Nilitaka kumwambia kamba inalegea upande wa kushoto. Akaikaza mwenyewe kabla sijasema.

Niliwasindikiza mpaka kwenye kona. Marceline alitembea polepole, kwa ajili ya magoti. Niliporudi, bukari yangu ilipata madonge. Niliila yote.

Jumatano, 23 Julai

Siku mbili za kufikiri, peke yangu, nyumba ikiwa kimya kabisa. Nimechambua kila kitu tangu mwanzo, bila kujipendelea. Kosa nimeliona!

Wiki tatu ni chache mno. Ndiyo maana mpango haukumvuta mtu. Nani ataacha shughuli zake kwa wiki tatu? Sasa ni wiki tano. Nimeongeza Kalemie na Moba, ziwani, kisha ndio Kinshasa na kushuka hadi baharini. Naondoka peke yangu Jumapili, kama mtangulizi, kukagua. Nitatuma picha. Marceline akiona picha atakuja mwenyewe, sina wasiwasi. Buluo nimeitoa. Nimeitazama vizuri kwenye ramani mpya: haiko njiani.

Mama Hélène alileta uji. Akauliza kwa nini nisichukue baiskeli nikaenda Buluo leo leo, njia yenyewe si ndefu, kumwona mke na mtoto. Nilimweleza kwa subira kwamba msafiri haanzi safari kwa kurudi nyuma. Aliacha uji mezani akaondoka.

Jioni nilianza barua ya Chadrack. Nimeandika “Mwanangu” vizuri, juu, katikati. Halafu nikakaa. Nimekaa mpaka uji ukaganda. Lakini ndiyo kawaida: mtu akiwa hajatoka nyumbani ana lipi la kusimulia? Muanda yatakuwa mengi, kurasa na kurasa.

Nitamwandikia nikifika.