Saa ya Mita Mia Tatu

Jumamosi, 1 Juni

Imenunuliwa! Iko mkononi! Saa ya wapiga mbizi, chuma kitupu, nzito kama kufuli la ghala. Inashuka baharini mita mia tatu bila kuingiza tone. Mimi kuogelea sijui, na bafuni nitaivua, maana sabuni haiaminiki. Si hoja. Hoja ni kwamba Ijumaa bosi anachagua msimamizi wa ghala, na bosi anapenda watu wanaojali muda. Mpinzani wangu ni mtunza ghala mwenzangu, tunamwita Plastiki kwa sababu ya kile kisaa chake cha plastiki cha kitoto. Masikini. Ndiye aliyenunua mashine yetu ya kufulia, nikapata hela ya saa. Mke wangu nimemwambia mashine iko kwa fundi.

Jumapili, 2 Juni

Nimeshinda kwenye kochi nikiiangalia. Ina pete pembeni inayozunguka, ya kumpimia mzamiaji muda aliokaa chini ya maji. Nimeizungusha mpaka kidole kimeuma. Mke wangu yuko uani anafua kwa mikono, beseni mbili, jasho linamtoka. Akauliza mashine inarudi lini. Nikasema fundi anasubiri kipuri. Akauliza kipuri gani. Wanawake kwa maswali!

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Nimeamka, saa inasema kumi na moja alfajiri. Jua limeshajaa dirishani. Nikashangaa, jua leo limewahi. Mke wangu akasema nimechelewa. Nikamcheka, nikamwonyesha saa, nikavuta shuka. Kumbe imesimama! Nimefika kikao kimekwisha na Plastiki ameshakagua mabomba yote ya ghalani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bosi akatangaza mbele ya watu: Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, atatusikiliza sote wawili. Atakayechelewa asijisumbue kupanda ngazi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeipeleka saa kwa fundi wa saa, nimewaka. Akaifungua, akaifunga, akasema ni nzima kabisa. Haina betri. Inajijaza kwa mwendo wa mkono wa mwenye nayo. Kisha akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa upole kama nimetoka kulazwa hospitali. Mjinga huyu!

Ofisini nikaanza kutikisa mkono chini ya meza. Bosi akapita, akaniuliza kama nina homa. Nikabadili mbinu. Nikaifunga kwenye feni ya dari, nikawasha. Ikazunguka vizuri kabisa, halafu ikachomoka na kutua ndani ya kikombe cha chai cha Plastiki. Chai ikamrukia hadi kwenye kola. Lakini haikuingia hata tone! Nikamwambia aone ubora. Hakuuona.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Nyumbani kwetu mikono inayosogea ni ya nani? Ya mke wangu! Anasugua, anasuuza, anakamua, anaanika. Anivalie siku mbili, saa itajaa mpaka basi, Ijumaa naichukua. Jioni nikamvisha, nikasema ni zawadi, kwa mapenzi tu. Kosa dogo: mama mkwe alikuwepo. Akapiga vigelegele, akanikumbatia, akasema miaka yote hii alikuwa ananidhania vibaya. Mke wangu akajifuta machozi. Mimi pia nilitaka kulia, kwa sababu zangu.

Alhamisi, 6 Juni

Saa inakwenda barabara. Inazama kwenye povu, inaibuka, inang'aa. Mke wangu ameshagundua kazi ya ile pete: analoweka nguo, anaizungusha, muda ukitimia anasugua. Jirani ameona, ameleta mashuka yake, na atalipia. Nikamwomba mke wangu nimtunzie saa kabatini isije ikachubuka. Akasema kitu kilichotengenezwa kwenda mita mia tatu hakiwezi kuogopa beseni. Nikasema basi niazime kesho tu. Mama mkwe akageuza shingo polepole. Nikasema natania.

Haidhuru. Nitakwenda mkono mtupu, ila nitawahi.

Ijumaa, 7 Juni

Sina hamu ya kuandika. Asubuhi mke wangu aliniamsha, akaniwekea saa mbele ya pua: moja na nusu. Mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili! Nikamwambia saa hiyo naijua mimi, haiaminiki. Nikageukia ukutani.

Plastiki ndiye msimamizi. Amekalia kiti, funguo kiunoni. Nilipoingia akanipa mkono, akanishukuru kwa sauti kubwa: ile mashine niliyomuuzia inafua kama mpya. Mke wangu alikuwa mlangoni nyuma yangu, ameniletea chakula nilichosahau. Alizungusha pete ya saa, akakunja mikono. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima nitachukua muda gani kueleza.

Nikaanza na habari za kipuri. Chakula akampa Plastiki.

Jumapili, 9 Juni

Sasa najifulia mwenyewe. Mke wangu anafulia mtaa mzima kwa malipo, saa ni yake, anaweka akiba anunue mashine nyingine. Mama mkwe amerudi kunidhania vibaya na anasema safari hii hatabadilika.

Nimekaa nje, nimetafakari kwa kina, nimelijua kosa langu. Nilinunua saa isiyofaa! Dukani ipo nyingine, inashuka mita mia tano, na haitaki mkono usogee. Inajijaza kwa mwanga wa jua. Mtu unakaa tu. Na kukaa najua.

Kilichobaki ni hela. Lakini nimelichunguza friji letu, linavuma mno siku hizi, linafaa lipelekwe kwa fundi. Na nasikia Plastiki hana friji.