Hema la Bibi Kalbubu

Jumatatu, 7 Oktoba

Mwalimu wetu wa filamu, Bi Burul, ametangaza leo. Kila mmoja atapiga mwanzo wa filamu ya kusisimua, dakika mbili tu. Utakaoshinda utaendelezwa kuwa filamu kamili, na mwenye nao atakuwa mwongozaji. Wengine watabeba taa na kukunja waya. Mimi Ilgiz sikuzaliwa kukunja waya.

Mpinzani ni mmoja tu, Saikal. Wazo lake: mlango wa lifti unafunguka, ndani hamna mtu. Basi! Nikamwambia lifti ya jengo letu hufanya hivyo kila siku na hakuna anayeikatia tiketi. Akanijibu kwamba maneno ninayo, mwanzo sina. Kijicho kitupu.

Jioni wazo langu likaja lenyewe. Hema la sufu, peke yake uani, katikati ya magorofa. Ukungu wa asubuhi. Pazia la mlango linapepea. Ndani, viatu vya mtu aliyelala. Viatu havitikisiki. Nilisisimka mwenyewe, na nilikuwa nimekaa karibu na jiko.

Jumanne, 8 Oktoba

Mjomba Melis hukodisha mahema ya harusi. Amekubali kuniazima moja. Rafiki yangu Temirlan amekubali kuwa maiti, kwa sharti aruhusiwe kulala.

Tatizo ni Mama. Anasema hapa Bishkek hema likisimama uani asubuhi, bila muziki, maana yake ni moja tu: kuna msiba. Watu watakuja kulia. "Usituletee uchuro, mwanangu, na bibi yako umri ule." Nikamweleza kwamba watu wa siku hizi wanajua filamu ni nini. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwomba zulia lake jekundu la kumlazia maiti.

Bibi Kalbubu sikumwambia kitu. Kesho ni siku yake ya soko. Ataondoka mapema, na akirudi nitakuwa nimemaliza. Nimefikiria kila kitu.

Jumatano, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi hema lilisimama. Zuri ajabu! Ukungu ulikuja bila kubembelezwa. Temirlan alilala juu ya zulia, blanketi hadi utosini, viatu nje. Saikal alikuja kusaidia, eti. Nikamwachia kamera ya darasa aishike kidogo, nikaingia kuvipanga viatu.

Ndipo nikasikia mngurumo. Mzee Abdylda wa ghorofa ya kwanza alikuwa anakuja ameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye fimbo, analia "Mama yangu weee", kama wanaume wetu wanavyoikaribia nyumba ya msiba. Nyuma yake wanaume wengine, wote wameinama, wote wanalia. Nikawazuia mlangoni. Nikamwambia mzee kwamba hii ni filamu. Akanikumbatia na kunipigapiga mgongoni. "Lia tu, kijana. Uchungu humfanya mtu aseme lolote."

Wanawake wakaingia, wakakaa wakielekea ukuta wa hema, wakaanza kuomboleza. Aliyewashinda wote ni Bibi Zuura, jirani yetu, ambaye hajasemezana na Bibi yangu miaka na miaka kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Akalia kwamba Kalbubu alikuwa mwanamke wa dhahabu. Akalia kwamba kamba ilikuwa ya Kalbubu, na yeye Zuura ndiye aliyeihamisha, tena makusudi. Temirlan hakutikisika. Alikuwa amelala kweli.

Halafu wakaja wakwe zetu kutoka mji wa Kara-Balta, sijui nani aliwapigia simu, na kondoo hai kwenye buti la gari. Hapo nikaona bora nijifiche. Nikaingia stoo chini ya ngazi, penye kidirisha.

Kutoka kidirishani nikamwona Bibi anaingia getini na mfuko wa viazi. Akaliona hema. Akasikia kilio. Kwetu mtu hulia kwanza, huuliza baadaye. Akaweka viazi chini, akakaza kitambaa kichwani, akaanza: "Umetuacha na nani, mpenzi wetu, umetuacha na nani." Alilia vizuri kuliko wote. Wanawake wakatoka kumpokea, macho yamejaa machozi, hawaoni wanamkumbatia nani. Bibi Zuura akamwangukia shingoni. Wakalia pamoja, bega kwa bega, muda mrefu.

Kisha Bibi akauliza polepole, "Nani, mwenzangu?"

"Kalbubu," akajibu Zuura.

Bibi akafikiri. "Kalbubu yupi?"

Zuura akajifuta macho, akatazama, akakaa palepale juu ya viazi. Kilio kikakatika uwanja mzima. Kimya kile ndicho kilichomwamsha Temirlan. Akatoka hemani na blanketi lake, akauliza kama chai tayari. Mzee Abdylda hutembea kwa fimbo. Leo fimbo ilibaki uani, yeye alipatikana barabarani.

Mimi sikutoka stoo mpaka njaa iliponitoa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bibi hana hasira kwamba amekufa. Hasira yake ni kwa wasiokuja. Tangu asubuhi anaulizia majina. Shangazi hakuja! Kiongozi wa jengo hakuja, naye huazima sufuria kila wiki!

Kondoo wa wakwe, Bibi amekataa kumrudisha. Amesema achinjwe, iwe sadaka ya kushukuru uhai. Mtaa mzima umekula supu ndani ya hema langu. Bibi Zuura alijaribu kusema kwamba yale ya jana yalikuwa ya majonzi tu. Bibi akamwambia lililosemwa kwenye kilio halirudi tumboni. Alasiri kamba ikarudishwa mahali pake, na sasa hivi wawili hao wanakunywa chai na kuniteta.

Kabla ya hapo Bibi aliniita. Akanivuta sikio, akaniambia, "Umeniua, na hata kuniaga hukuniaga." Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. Nikawaza siku hema litakaposimama kweli. Nampenda sana yule bibi. Nikalia kidogo bafuni.

Halafu nikakumbuka kwamba kesho ni siku ya kuonyesha kazi, na sikupiga hata picha moja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilikwenda darasani na maelezo matamu. Hakuna aliyeyahitaji. Saikal hakuwa ameizima kamera.

Dakika mbili. Ukungu. Hema. Kikongwe na mfuko wa viazi. Kilio, kumbatio, swali, jina. Uso wa Bibi wakati anafikiri. Giza. Bi Burul alivua miwani akaifuta.

Nikasimama. Nikasema hema ni langu, maiti ni wangu, bibi ni wangu. Bi Burul akakubali yote. Akasema na stoo ilikuwa yangu vilevile. Darasa likaangua kicheko. Saikal ndiye mwongozaji, mimi nimepewa waya. Ni mrefu sana, na unajisokota wenyewe makusudi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mambo yamegeuka! Saikal amesema filamu inahitaji tukio moja la mapenzi, na nikileta wazo zuri atalipokea. Yeye mwenyewe ataigiza msichana.

Wazo ninalo. Mama wa kijana anaingia nyumbani kwa msichana na kumvisha hereni mbele ya wazazi wake. Kwetu hereni zikishaingia masikioni, posa imekwisha, msichana ana mwenyewe. Nitalipiga Jumamosi, nyumbani kwao Saikal, kwa wazazi wake hasa. Sitamwambia, wala wao, ili uso wake ushtuke kweli. Hilo nimejifunza kwa Bibi.

Mama wa kijana atakuwa Mama. Safari hii hakubisha hata neno. Amekwenda kununua hereni, za dhahabu, ingawa nilimwambia za bati zinatosha kwa kamera. Amewapigia simu wakwe wa Kara-Balta. Mjomba Melis analeta kondoo, na Bibi ametoa sandukuni shali yake nyeupe.

Familia yangu hatimaye inaiheshimu sanaa. Na kosa langu nimeliona: hema ni kubwa mno, mtaa mzima huliona. Hereni ni kitu kidogo. Nani atazielewa vibaya?