Kilemba cha Rebwar na Wanga Wangu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya Wakurdi wa Sydney nzima. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Jirani yangu hapa Mount Druitt ni Mkurdi, anaitwa Rebwar. Leo alikuwa anamwoza binti yake. Asubuhi akaniomba nimwanulie nguo, yeye anakimbilia Bankstown kuchukua keki. Kwenye kamba nikakuta kilemba chake, kitambaa cha miraba myeusi na myeupe chenye vishada pembeni. Ni cha marehemu baba yake.

Nakipenda kile kilemba. Wanakizungusha juu ya kikofia, bila pini, na hakidondoki hata wakicheza ngoma. Rebwar aliwahi kuniambia kila bonde kwao lina uvaaji wake. Akiona kichwa cha mtu tu, anajua ametoka wapi. Na kikianguka mbele za watu, umeanguka wewe.

Basi nikakishika. Kimelegea kama kitambaa cha jikoni. Nikamwonea Rebwar huruma. Sisi watu wa Tanga kofia isiyosimama hatuvai. (Hakuna aliyeniuliza Tanga tunavaaje.) Nikakitia wanga, nikakipiga pasi. Kikawa kigumu kama bati. Nikajisifu.

Ukumbini Rebwar alikivaa mbiombio, wageni wameshafika. Nilimwona anapambana nacho. Nikadhani ni furaha.

Ngoma ikaanza. Wanaume wameshikana mikono, bega kwa bega, Rebwar mbele anapunga leso. Walipendeza, nawaambia kweli. Mara mkunjo mmoja ukafunguka, ukasimama kama sikio la punda. Ukafuata wa pili. Kisha kilemba kizima kikaruka, kikofia na vyote, kikatua miguuni kwa baba wa bwana harusi.

Ngoma ikasimama. Rebwar akakiokota, akakigonga kwa ukucha. Kikalia. Akanigeukia.

"Mzee Shabani, umekifanya nini?"

"Nimekitia wanga, ndugu yangu. Nilitaka kisimame."

"Kimesimama."

Nikavua kofia yangu ya kiua, nikamvika mwenyewe. (Ndogo kwake. Ilikaa utosini tu.)

Baba wa bwana harusi, mzee wa masharubu, akamkagua Rebwar kichwa kwa makini, akauliza kitu kwa Kikurdi. Bibi harusi akanitafsiria: anauliza huu ni uvaaji wa bonde gani.

"Tanga," Rebwar akamjibu, akamshika mkono, ngoma ikaendelea.

Nimerudi nyumbani kichwa wazi. Kilemba kiko kwenye beseni, nimeshabadilisha maji mara kadhaa, bado kigumu. Mnaotaka kucheka, subirini kwanza kilainike.