Kilomita za Mzee Kiprotich

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla, ambaye pia ni mimi, wenyeviti wa kamati ndogo na wenyeviti wa kamati ndogo zaidi, Pasta Paul, Chifu wetu, ambaye ametuma msaidizi wake, na msaidizi, ambaye ametuma salamu, Mama yangu mzazi, uliyeketi hapo mbele na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mapajani, viongozi wa bodaboda wa Kapsoya, mafundi wa jua kali kutoka Huruma, wageni wa kutoka nyumbani Ainabkoi, na ninyi wananchi wa kawaida mlio nje ya hema: itifaki imezingatiwa, na kama kuna jina nimeliruka, basi limejiruka lenyewe. Bwana Yesu asifiwe? (Amina hafifu.) Nimesema asifiwe? (Amina ile ile.)

Mnanijua, lakini kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, mimi ni Edwin Kiprotich, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Masuala Mtambuka na Mengineyo. Mwaka jana tulipomzika baba yangu, Mzee Kiprotich, nilisimama kando ya kaburi nikaahidi mbele yenu kwamba nitatembea kwa miguu yangu mwenyewe kutoka Ainabkoi hadi hapa Kapsoya kwenye lango la zahanati, njia ile ile aliyokuwa akiifuata kila mwezi kuja kuchukua dawa za presha, na kwamba kwa kila kilomita nitakayomaliza marafiki watatoa mbao na mabati, ili tujenge kibanda chenye viti, mgonjwa asikae tena juu ya jiwe kama alivyokaa yeye. (Sauti kutoka nyuma: "Na umetembea?") Asante kwa swali. Litajibiwa kwa maandishi.

Leo nina furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba utekelezaji wa matembezi umefika asilimia themanini na saba. (Minong'ono.) Tuliunda task force. Task force ikafanya feasibility study, ikabaini kwamba Ainabkoi ipo, Kapsoya ipo, na katikati yake kuna barabara. Tukaenda benchmarking, yaani ziara ya kujifunza, Mombasa kwa siku tisa, ambako tulithibitisha kwamba binadamu akitaka kutembea hutanguliza mguu mmoja, kisha mwingine, ingawa kuhusu ni upi uanze wataalamu bado hawajaafikiana. Mimi binafsi nimeipitia njia nzima mara nne, kwa gari, madirisha yakiwa wazi, ili niuhisi uchungu wa mtembea kwa miguu, na vumbi lilinipata, Dennis dereva wangu ni shahidi. (Kicheko. Dennis anaangalia viatu vyake.) Kwa hivyo, kwa kanuni za uwakilishi, kilomita zile nimezitembea, na kama mnavyojua, mwanariadha wetu akirudi na ushindi hupokewa kwa mursik. (Mheshimiwa ananyoosha mkono. Mama anakihamishia kibuyu upande wa pili.)

Itakuwa baadaye. Kabla ya hapo nina jambo la nidhamu. Nimearifiwa kwamba dada yangu mdogo, Chepkorir, ameondoka Ainabkoi alfajiri ya leo kwa miguu, bila kibali cha kamati, bila fulana ya hafla, na nyuma yake kuna pickup ya Ndungu wa hardware iliyojaa mbao za watu. Huo ni mradi sambamba! Mtu akitembea ilhali mimi nimeshatembea, takwimu zitafika asilimia mia moja themanini na saba, na hesabu za ripoti zitakataa kulingana. (Vichwa vinageukia barabarani.) Macho mbele tafadhali, maana sasa nazindua rasmi Modern Patient Waiting Facility, Awamu ya Kwanza.

(Anavuta pazia. Ni jiwe. Lile lile, limepakwa chokaa, na juu yake bamba lenye jina la Mheshimiwa.)

Jiwe limeboreshwa. (Anagonga bamba kwa kidole.) Limeboreshwa sana. (Mama, bila kuinuka: "Edwin, baba yako alikupigia simu akiwa amekaa hapo.") Mama, hiyo haimo kwenye hotuba.

(Anapekua karatasi. Anaziacha.)

Ni kweli alipiga. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliuliza kama naweza kupitisha gari nimfikishe stage ya matatu, ni dakika kumi tu kutoka ofisini, na mimi nilikuwa kwenye mkutano wa kupanga mkutano. Nikamwambia, Mzee, nitakupigia. Sikupiga. Inaniuma, watu wangu, na kila nikitaka kuianza ile safari nakumbuka kwamba inaishia kwenye hili jiwe.

(Vigelegele barabarani. Chepkorir anaingia akichechemea, raba mkononi, miguu imevimba. Mama anainuka, anamnywesha mursik mwenyewe. Mafundi wa Huruma wameshaanza kushusha mbao.)

Naona shughuli imenipita, basi nifunge. Naishukuru task force, ambayo ni mimi na Dennis. Naishukuru feasibility study, ambayo niliiandika jana baada ya chakula cha mchana. Nawashukuru wafadhili wa mbao hizi, ambao sikuwahi kumwomba hata mmoja, na zaidi ya wote naushukuru mradi wangu, ambao haujawahi kuwepo. Kauli mbiu yetu: kilomita moja, ubao mmoja! (Wanaitikia, lakini wamemgeukia Chepkorir.)

(Mheshimiwa anaangalia kibuyu. Mama anakitikisa, kisha anakifunga kifuniko. "Nimebakisha nusu," anasema. "Ainabkoi iko palepale.")

Basi naagiza, na agizo hili lisipelekwe kwenye kamati yoyote: Awamu ya Kwanza ianze kesho saa kumi na mbili asubuhi, kutoka langoni kwa Mzee. Washiriki ni mimi. Dennis, funguo za gari mpe Mama. Asanteni.